Riwaya ya Mke Asiye na Kosa

Jalada lilikuwa tayari kabla sijaandika hata aya moja. Kijana wa duka la kuchapa na kutoa kopi, mtaa wa nyuma yetu, ambaye kazi yake hasa ni kadi za harusi, alinichorea ua jekundu, nyuma ya ua bahari, na juu ya bahari jina langu kwa herufi za dhahabu, kubwa kuliko jina la kitabu. Nililipenda mno. Nililibandika ukutani chumbani, nikakaa kitandani nikilitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyokwisha kuiezeka. Ndani ya nyumba hiyo hapakuwa na hata kigoda.

Mimi ni mwuza vifungo hapa Kariakoo. Vifungo, zipu, nyuzi, lastiki, lesi na sindano za cherehani, kwa jumla na rejareja. Duka alilifungua babu yangu, Mwarabu wa Hadhramaut, likamlea baba, likanilea mimi, na hakuna kati yetu aliyewahi kuandika kitu kirefu kuliko risiti. Nilianza kuandika riwaya kwa sababu mke wangu alifariki na nilitaka niwe naye tena. Mengine niliyokuwa nikiwaambia watu, kwamba naandika kwa faida ya jamii, kwamba vijana wapate mafunzo, yalikuwa maneno ya kuvalia koti. Nilimtaka mke wangu humu ndani, na sikujua njia nyingine ya kumpata.

Msiba wa Kariakoo una watu, hilo halina ubishi. Walifunga nusu ya mtaa kwa maturubai. Wenye maduka jirani walileta viti, mchele, mbuzi, na wasioweza kuleta kitu walileta miili yao wakakaa. Kwa siku zile zote sikupata nafasi ya kuwa peke yangu hata chooni, maana nikitoka nakuta mtu mlangoni ananisubiri anipe pole. Kisha ikasomwa hitima, sahani zikaoshwa, binti yangu akarudi kwa mumewe Mwanza na wajukuu zangu, na jioni moja vijana wakaja kukunja maturubai. Nilisimama dirishani, ghorofa ya tatu, nikiwaangalia wanavyofungua kamba. Walifanya haraka kwa sababu kulikuwa na msiba mwingine Ilala.

Mtu asiyepajua angedhani huwezi kuwa mpweke mahali kama pale. Kuanzia asubuhi spika zinatangaza bei, makuli wanapiga kelele wapishwe, mikokoteni inagombana na magari. Zote zile ni sauti za kumwita mteja. Mimi nilikuwa nakaa juu pale na sikioni mwangu unapita mji mzima, na hakuna mtu ndani ya mji huo aliyekuwa ananiita mimi nile.

Nilikuwa nimesikia redioni kwamba mwandishi anahitaji upweke. Nikasema huo ninao, wa jumla na wa rejareja. Nikapiga mahesabu yangu: naanza mwezi huu, namaliza kabla ya Ramadhani, Idi kitabu kipo madukani. Nilinunua kalamu nzuri ya kusainia vitabu vya wasomaji. Nikiwa napanga zipu rafuni nilikuwa najibu maswali ya mtangazaji wa redio ambaye hajanipigia, na majibu yangu yalikuwa ya unyenyekevu mkubwa. Mara mbili mteja aliniuliza naongea na nani.

Ramadhani ilipita, na Idi pia. Kuandika si kazi ya kukaa tu, kama nilivyodhani, na mwezi wa Ramadhani kwa mwuza vifungo ni mwezi wa kufa na kupona, maana mafundi wote wa cherehani wa mji huu wanakumbuka zipu siku moja. Lakini niliandika. Nilikuwa nikifunga duka nakaa mezani mpaka maneno yanaisha, na ilipofika mvua za vuli, Jangwani imejaa maji na wateja hawavuki, nilimaliza. Niliandika neno "Mwisho" kwa wino mwekundu na nikapiga mstari chini yake.

Riwaya yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu bado inaniuma. Palikuwa na mke wa mfanyabiashara. Nilimbadilisha jina, lakini alikuwa yeye. Aliamka kabla ya adhana huku akitabasamu. Hakuwahi kuomba kitu. Mume akikasirika yeye alizidi kutabasamu. Majirani wote walimpenda, paka walimfuata, na masikini walijua mlango wake. Katika sura ya mwisho, akiwa anapumua kwa shida, aliagana na mumewe kwa ukurasa mzima na nusu. Ndani ya hotuba ile aliwaasa vijana waache dawa za kulevya na akagusia umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike. Nililia nikiiandika. Nilidhani kwamba mimi nikilia, basi msomaji atalia mara mbili.

Si kwamba nilikuwa mwongo. Kwetu marehemu hana kosa. Mtu anaweza kuwa amekorofishana na mtaa mzima, lakini akishafunikwa sanda anasimama mzee mmoja anasema tumempoteza mtu wa watu, na wote tunaitikia, hata aliyegombana naye juzi. Ni desturi nzuri na sitaki mtu aidharau. Inazuia ulimi wakati ulimi ungeweza kufanya madhara. Ila mimi katika maisha yangu sikuwa nimejifunza lugha nyingine yoyote ya kumzungumzia mtu aliyekufa. Nilipokaa mezani lugha iliyokuja ilikuwa ile ya chini ya turubai, na nikaiandika kurasa mia mbili.

Nikatoa kopi, nikazifunga kwa zile waya za kuzunguka, nikawagawia wenye maduka wenzangu. Hapo ndipo nilipoona maajabu. Mmoja alikipokea kwa mikono miwili, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso. Mwingine aliingia ndani ya duka akarudi na bahasha ya rambirambi, akasema siku ya msiba alikuwa safarini. Nilimwambia hii ni riwaya. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, Mwenyezi Mungu amrehemu," akanifumbatisha bahasha kiganjani.

Baada ya muda nikaanza kupita kuuliza. Nilikuwa nauliza kwa ujanja, kana kwamba nimekuja kutafuta chenji.

"Ile kazi yangu umefika wapi?"

"Kipo pale juu, mzee mwenzangu. Nimekiweka mahali pa heshima."

Nikatazama juu. Kilikuwa kwenye rafu ya mwisho, kati ya juzuu na kikopo cha udi, mahali ambapo mkono haufiki bila ngazi. Duka la pili, hivyo hivyo. Ikanijia kwamba wamekichukua kama vile vitabu vidogo vya Yasini ambavyo familia huchapisha na kugawa kwenye hitima, vyenye jina la marehemu mbele. Kitabu cha namna hiyo huwezi kukiweka chini, huwezi kukitupa, na hakuna anayekisoma kama hadithi. Walikipa heshima yote waliyokuwa nayo isipokuwa kukifungua.

Binti yangu alikisoma, au alisema amekisoma. Nilimtumia kwa simu. Alinipigia Ijumaa, kama kawaida yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekisoma?"

"Nimekisoma. Kizuri sana, baba. Mama angefurahi."

Nikamwuliza amependa wapi. Nikasikia mtoto analia nyuma yake, kisha akasema kote. Nilipokata simu nilijua hakuna alipopenda. Alikuwa ananipa pole, kama mtaa mzima.

Kwa mchapishaji nilikwenda pia, na huko sitakaa sana. Dada wa mapokezi alichukua mswada, akaandika namba yangu, akasema watanipigia. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nalala simu ikiwa kifuani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Ilipolia ilikuwa sauti ya mashine inayonishauri niweke wimbo wa kuita. Niliitukana mashine ile kwa Kiswahili na Kiarabu, na mwishoni ikanishukuru kwa kuchagua huduma zao.

Ni mteja wangu mmoja, mshonaji wa nguo za harusi, aliyeniambia kuna watu wanakutana Ilala, Jumamosi alasiri, kusomeana wanachoandika. Chumba chao kipo juu ya karakana ya mageti ya chuma. Ukiwa unasoma, chini yako wanakata nondo, kwa hiyo sentensi ndefu haifiki. Anayeongoza ni mama mmoja mstaafu aliyekuwa mhariri kwa miaka mingi, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Wote tulimwita mwalimu. Wengine walikuwa vijana, wote waliniambia shikamoo, na wote, naomba radhi kwao, walikuwa wagonjwa wa ugonjwa wangu. Mmoja alikuwa akiua mtu kila sura. Tulipofika sura ya sita hakukuwa na mtu wa kufanya upelelezi. Mmoja anaishi Buguruni, hajawahi kunywa hata soda hotelini, lakini watu wake wote walikuwa wanaishi kwenye majumba ya ufukweni wakizungusha mvinyo kwenye glasi. Binti mmoja alieleza macho ya mpenzi wake kwa kurasa mbili, na alipomaliza hatukujua kama mpenzi huyo ana kazi. Mmoja alikuwa ameshaacha kazi yake ya bandarini ili awe mwandishi, na alikuwa na kurasa kumi na moja.

Nilikaa nikiwasikiliza na moyoni nikicheka. Nilijiona mzee aliyekomaa katikati ya watoto. Mwalimu aliponiuliza kwa nini naandika, nilisema ukweli, sijui kwa nini, labda kwa sababu hawakunijua. Nilisema, "Mke wangu amefariki. Nataka nikae naye." Kisha nikasoma sura ya kwanza.

Nilipomaliza nikainua macho. Vijana waliangalia chini kwa adabu. Walikuwa kama wamekaa msibani.

Mwalimu akasema, "Mzee wangu, huyu mama anastahili heshima. Lakini kesho nikikutana naye sokoni sitamjua. Alikuwa anakasirishwa na nini?"

"Marehemu hakuwa na ugomvi na mtu."

"Na wewe?"

"Sisi hatukuwahi kugombana."

"Miaka yote?"

Mwalimu akashusha miwani ya kichwani akavaa juu ya ile nyingine, akageuza kurasa zangu polepole. "Hii ni tanzia," akasema. "Ndefu, lakini tanzia. Tanzia kazi yake ni kumuaga mtu. Wewe umesema unataka kukaa naye."

Nilikusanya karatasi zangu, nikasema asanteni, nikatoka. Nilitembea kwa miguu kutoka Ilala hadi Kariakoo kwa hasira, nikipishana na watu bila kuwaona. Mtu ambaye hajawahi hata kula chakula cha mke wangu anakuja kunifundisha mke wangu. Nilijibizana naye njia nzima na kila hoja nilishinda. Nilifika nyumbani nimeshinda kabisa, nikafungua mlango, na ndani hapakuwa na wa kumsimulia.

Sikurudi Ilala kwa muda mrefu. Sikuandika pia. Nilibandua jalada ukutani kwa sababu lile jina langu la dhahabu lilikuwa linanitazama nikila. Nilikuwa nakula nimesimama siku zile, jikoni, kutoka kwenye sufuria. Nasema wazi kwamba nilikuwa na hali mbaya. Niliona kwamba nimempoteza mara mbili, kwanza kaburini na tena katika karatasi, maana kila nilipojaribu kuikumbuka sura yake, aliyekuja alikuwa yule mwenye tabasamu wa kwenye kitabu. Nilikuwa namfuta kwa mkono wangu mwenyewe. Jambo hilo lilinitisha kuliko upweke.

Sasa kuna jirani. Mlango wake unatazamana na wangu, yeye ni mjane wa siku nyingi, na yeye na mke wangu walikuwa wamenuniana miaka. Chanzo kilikuwa kamba za kuanikia nguo juu ya paa, ingawa ugomvi wa namna ile ukishaota mizizi hauhitaji chanzo. Msibani alikuja, alipika, alifanya kila linalotakiwa, na mimi nilishukuru na nikasahau. Jumapili moja mchana, maduka yamefungwa na mtaa umetulia, akabisha hodi.

"Shemeji, nasikia umemwandikia mkeo kitabu."

"Ndiyo, jirani. Karibu."

"Nisomee. Mimi macho yangu yana mtoto wa jicho, sioni herufi."

Niliuacha mlango wazi mpaka ukutani, nikamtolea kiti ukumbini, kati ya milango yetu miwili, mimi nikakaa kwa ndani, ili mtu yeyote anayepanda ngazi atuone vizuri asipate cha kusema. Nikamsomea sura ya kwanza. Nikamsomea ya pili. Alisikiliza mikono ikiwa magotini, kichwa kaelekeza upande. Nilijua sasa nimepata msomaji. Nilipoanza ya tatu akanyoosha kiganja.

"Mimi naingia ukurasa gani?"

"Wewe haumo, jirani."

"Simo?"

"Nilitaka kuandika mambo mazuri."

Alinitazama kwa lile jicho lake lenye ukungu mpaka nikaona aibu. Hakupandisha sauti. "Shemeji, mkeo alikuwa anapanda juu anaanua nguo zangu mbichi, anazirundika kwenye beseni, anaanika zake. Nikizirudisha, anashusha tena. Nikiweka taarabu yangu ananigongea ukuta kwa mwiko. Alisema mbele ya watu kwamba pilau yangu inanuka kama nguo iliyolala majini. Miaka yote hiyo, hata mstari mmoja sikupata? Na huyu unayenisomea umemtoa wapi? Huyu anacheka na kila mtu. Simjui."

"Marehemu hasemwi, jirani."

"Nani anamsema? Mimi namtafuta." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Naenda juu na beseni langu, kamba zote tupu. Naanika ninavyotaka, hakuna wa kuniuliza. Nikimaliza nakaa pale juu kama mjinga. Nyinyi wote mnamlilia mtu mwema, haya. Mimi nani atanipa pole kwa yule wangu?"

Akainuka, akabeba kiti mwenyewe akakiingiza ndani kwangu, akafunga mlango wake. Nilibaki na mswada mkononi. Katika watu wote waliokuja chini ya maturubai yale, wa kwanza niliyemsikia akimkosa mke wangu hasa alikuwa adui yake.

Nilichukua karatasi mpya nikaandika juu yake: alikuwa na gubu. Nikaangalia nyuma, kweli, nikageuza kichwa, kama mtu atakayepigwa. Hakutokea mtu wa kunipiga. Nikaandika lile la kamba na beseni. Nikaandika kwamba siku timu yake ya mpira ya Jangwani ikifungwa jiko haliwashwi, na mimi, ambaye ni wa upande wa pili, nilijifunza kusikitika hadharani na kufurahi chooni. Nikaandika kwamba wakati wa uchumba nilimtungia shairi lenye mawimbi na lulu, akalisoma lote, akaniuliza, "Na hii bahari ya nini? Mimi sijui kuogelea." Nikaandika kwamba hakuwahi kuniomba msamaha hata siku moja. Alikuwa anamenya chungwa, analigawa vipande, anakiweka kisahani karibu na mkono wangu bila kunitazama, kisha anaenda zake. Ukilila yameisha. Mara moja nilikataa kulila, na akaniwekea chungwa kila siku, bila neno, mpaka nikachoka na machungwa.

Niliandika hivyo Jumapili hadi Jumapili. Sasa nilipoketi mezani alikuwa anakuja. Alikuja na kisirani chake, akikosoa. Nilikuwa namwandika anasema kitu na namsikia anasema si hivyo nilivyosema. Nilianza kula mezani tena. Nilikuwa na furaha ya siri, nilikuwa nafunga duka mapema kama bwana harusi, na wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba mzee atakuwa amepata mchumba.

Nilirudi Ilala. Nilisoma ukurasa wa kamba na wa machungwa, na chini nondo zikawa zinakatwa, na vijana wakawa wananiambia rudia hapo, mzee, hatujasikia. Walicheka. Yule wa macho ya mpenzi alinifuata akaniuliza kama kweli nilichoka machungwa. Mwalimu hakunisifu. Aliandika kitu pembeni ya karatasi, akanirudishia, akasema, "Sasa fika kwenye kifo. Ile hotuba itoe. Andika alichosema."

"Kama hakusema kitu cha maana?"

"Andika hichohicho."

Hotuba ile nilikuwa nimeibuni kwa sababu niliulizwa. Msibani kila mtu huuliza maneno ya mwisho, na mimi nilijibu kwamba aliniaga vizuri. Wakatikisa vichwa, wakaridhika, na kadiri nilivyorudia ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mengi, mpaka yakafika ukurasa na nusu. Kilichotokea sikuwahi kumwambia mtu. Hata binti yangu hakukijua.

Niliandika Jumapili iliyofuata, baada ya swala ya adhuhuri. Ilikuwa adhuhuri pia siku ile. Tulikuwa tumemrudisha kutoka hospitali, amelala chumbani, joto kali, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda karibu na kichwa chake, nimeshika mkono wake, namsomea Yasini. Nilikuwa nimekaa hivyo tangu asubuhi. Akafumbua macho, akanitazama, na uso wake ukakunjamana kama ulivyokuwa unakunjamana nikikanyaga mahali alipodeki.

"Sogea," akasema. "Unanizibia feni."

Nikasema haya. Nikasogea, kwa sababu maisha yangu yote na yeye aliposema sogea nilisogea. Nikaenda kukaa kiti cha dirishani. Chini kuli mmoja alikuwa amekwamisha mkokoteni wa marobota katikati ya barabara na watu wanamfokea, nikaangalia mpaka akajinasua. Nilipogeukia kitandani, mke wangu alikuwa ameshaondoka.

Niliandika hivyo tu. Hazikuwa nyingi, zilikuwa sentensi za kawaida, ndogo kuliko zote nilizowahi kuandika. Kisha nikazisoma kwa sauti, kama mwalimu alivyotufundisha, ili sikio lisikie panapokwaruza. Nilipofika kwenye "Sogea," sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ile yake, yenye uchovu na kisirani, na ilitoka karibu kabisa, pale pale kitandani, na mimi nikajibu, "Haya." Nilijibu kwa mdomo, mtu mzima, peke yangu chumbani.

Halafu nikasubiri aseme kingine.

Nilishika kalamu nikasubiri. Kwa miezi alikuwa akija kila nilipomwita, na baada ya kila neno palikuwa na neno jingine, la ubishi, la kejeli, la kunirekebisha. Nikadhani atasema, haya, sasa kaa huko huko dirishani. Nikadhani atauliza wanagombania nini huko chini, maana alikuwa hawezi kusikia ugomvi wa mtaani bila kuuliza. Mkono wangu ulianza hata kuandika, nikauzuia, kwa sababu hakuuliza. Hakusema neno baada ya lile. Lolote ambalo ningeliandika chini ya mstari ule lingekuwa la kwangu mimi.

Kuacha kazi, jalada la dhahabu, mvinyo wa watu wa Buguruni, hayo yote mwalimu alituonya. Hili hakunionya, na nadhani alilijua tangu nilipotamka kwamba nataka kukaa naye. Nilikuwa nimeamini kwamba nikimwandika sawasawa atabaki. Nilimwandika sawasawa, na ndipo nikafika mahali alipokomea, nikapaona.

Chini ya turubai sikulia. Mwenye msiba hana nafasi, anapokea wageni. Siku ile mezani nililia kwa sauti, na sikumlilia yule mama mwema niliyemgawa mtaa mzima kwa zile waya za kuzunguka, kwa sababu yule hakuwahi kuwa wangu. Nilimlilia huyu, aliyeniambia nisogee, na ambaye nilikuwa nimempata tu mchana ule.